Mashine utakopeshwa, alizeti utanunua na nini? Uzi wa fedha za viwanda vidogo Iringa, Mbeya na jirani

Mzani wa Ipogolo (mleta mada)

Kamwene wakuu.

Kila Mei ikifika maswali ni yale yale: "Nataka milioni 15 ninunue mashine ya kukamua alizeti, nikope wapi?" Mtu anaulizia mashine kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho. Fedha nyingi haziendi huko.

Twende na hesabu. Bei nitakazoweka ni za mfano tu, wewe weka za kwenu. Chukua mashine ndogo ya skrubu inayokamua kilo 100 kwa saa. Kwa saa 8 ni kilo 800, kwa siku 25 ni tani 20 kwa mwezi.

Juni, Isimani wakiwa wamevuna, alizeti ipo kwa shilingi 900 kwa kilo. Tani 20 ni milioni 18. Mashine ya namna hii, bila jiko la kupashia mbegu, weka inatoa kilo 22 za mafuta kwa kila kilo 100. Hiyo ni kilo 4,400, sawa na lita 4,780 hivi kwa sababu lita ya mafuta haifiki kilo moja. Kwa bei ya jumla ya 3,800 unapata milioni 18.2. Mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, ni kama asilimia 67, yaani tani 13.4, na kwa 450 unapata milioni 6. Jumla milioni 24.2.

Toa alizeti, inabaki milioni 6.2. Umeme haufiki laki tano. Vibarua watatu wa 10,000 kwa siku ni 750,000. Madumu 240 ya lita 20 kwa 2,500 ni 600,000. Kodi ya jengo, kupakia na kushusha, akiba ya vipuri, weka 700,000. Unabaki na milioni 3.6 na ushee kabla ya rejesho la mkopo. Hapo kila mtu anatabasamu na kwenda benki.

Sasa njoo Januari. Ghala limeisha, alizeti mtaani imepanda hadi 1,200. Tani 20 zile zile ni milioni 24. Mafuta nayo yamepanda, tuseme 4,000, lakini hayapandi kwa kasi ya mbegu kwa sababu dukani yanakaa karibu na mafuta yanayotoka nje na mteja anachagua. Mauzo yote ni milioni 25.1. Umebaki na milioni 1.1, na haujalipa umeme wala vibarua. Kwa hiyo unazima mashine. Rejesho halizimi.

Ukitaka mashine hiyo ifanye kazi Julai mpaka Desemba kwa alizeti ya bei ya mavuno, unahitaji tani 120. Ni magunia 1,846 ya kilo 65. Fedha yake ni milioni 108, kwa mashine ya milioni 15. Ndiyo maana ukipita maeneo ya viwanda vidogo kuanzia Novemba utakuta mashine nzima, yenye rangi yake, imefunikwa turubai.

Kabla ya kuuliza wapi pa kukopa, uliza nina uwezo wa kuweka tani ngapi ndani, halafu mashine ifuate hapo. Nitaendelea kuhusu aina za mikopo, lakini wenye ujuzi wachangie.

---

Kijana wa Kihesa

Mkuu kwa hesabu hiyo asiye na milioni 108 asianze kabisa? Maana huku mtaani tunaanzaga na milioni 2.

---

Mzani wa Ipogolo

Anaanza, ila kwa mlango mwingine. Kamulia watu kwa malipo. Mkulima analeta magunia yake, unakamua, anaondoka na mafuta, wewe unachukua malipo kwa kilo au anakuachia mashudu badala ya fedha. Mbegu ni yake, hatari ya bei ni yake, hujafunga hata shilingi kwenye ghala. Mashudu unayobakiziwa unayauza kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe wa maziwa, na Iringa soko lake lipo.

Kasoro yake ni kwamba wateja wote wanakuja kwa pamoja, Juni hadi Septemba, halafu kimya. Kwa hiyo mkopo wa mashine ya kukamulia watu usiukubali wa rejesho sawa kila mwezi. Omba rejesho kubwa miezi minne ya msimu na dogo au riba tu miezi mingine. Afisa mikopo akikuambia mfumo haukubali, mwambie ana mikopo ya kilimo ya kulipa kwa msimu, aangalie huko. Na usiombe kwa maneno. Mchoree jedwali la miezi 12: fedha inayoingia, inayotoka, inayobaki. Jedwali la ukurasa mmoja linafanya kazi kuliko andiko la mradi la kurasa 40 ulilonunua steshenari.

---

Karani Mstaafu

Ongezeo kwa mleta mada. Watu wanalinganisha mikopo kwa asilimia waliyotajiwa, na asilimia peke yake haisemi kitu mpaka ujue inahesabiwa kwenye nini.

Milioni 10, miezi 12, riba 3.5% kwa mwezi. Ikihesabiwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, riba ni 350,000 kila mwezi hata mwezi wa 12 unapodaiwa kidogo. Jumla ya riba milioni 4.2, rejesho 1,183,000. Ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni 1,035,000 na riba yote ni milioni 2.4 hivi. Maneno "3.5%" ni yale yale kwenye karatasi zote mbili. Ile ya kwanza, ukiigeuza kuwa riba ya salio, ni karibu 5.9% kwa mwezi.

Linganisha na mkopo wa kilimo wa benki wa 9% kwa mwaka: milioni 10 hiyo hiyo, miezi 12, riba yote haifiki laki tano.

Tena angalia fedha inayofika mkononi. Ada ya kushughulikia mkopo, bima na akiba ya lazima vikikatwa mwanzoni, unaweza kupokea milioni 9.5 na kulipa riba ya milioni 10. Swali la kuuliza dirishani ni moja: "Nitapokea shilingi ngapi, na nitalipa jumla shilingi ngapi mpaka siku ya mwisho?" Asiyetaka kukuandikia hizo namba mbili, aga uondoke.

Hiyo 3.5% si ya kubuni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji wamepangwa kwa madaraja. Daraja la pili ni hawa wanaokopesha bila kupokea amana, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa 3.5% kwa mwezi. Daraja la tatu ni SACCOS (vyama vya akiba na mikopo), la nne ni vikundi vya kuweka na kukopa kama VICOBA. Anayekutoza 20% kwa mwezi na kushika kadi yako ya benki yuko nje kabisa ya ukomo huo. Hao ndio kausha damu, na mkopo wao haujawahi kununua mashine ya maana kwa sababu hakuna biashara ya mazao yenye faida ya 20% kila mwezi wa mwaka.

---

Umalila Juu

Hizo 9% mnazozisema mbona mkulima wa viazi akienda anaambiwa hazipo? Naona ni za kwenye mabango.

---

Karani Mstaafu

Zipo, ila ujue zilikotoka. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza hatua za kushusha riba: trilioni 1 ya kuwakopesha mabenki kwa 3% ili nao wakopeshe wateja kwa riba isiyozidi 10%, na nafuu kwenye akiba ambayo kila benki hulazimika kuiweka Benki Kuu, kwa benki itakayokopesha kilimo kwa riba hiyo. Baada ya hapo benki kubwa zikashusha mikopo ya kilimo hadi 9%.

Sasa kipengele kinachowaangusha wengi ni neno "kilimo". Benki inatakiwa kuthibitisha kwamba fedha imekwenda kwenye kilimo, ufugaji, uvuvi au mnyororo wake. Ukija na leseni ya "duka la jumla" halafu ukasema unanunua viazi, unaandikwa biashara na unapewa riba ya biashara. Leseni, TIN (namba ya mlipakodi), jina lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na andiko vyote viseme kitu kimoja. Pili, viazi haviwekeki. Alizeti na mahindi vinakaa ghalani na afisa anaweza kuja kuhesabu magunia. Viazi vya Umalila vinaondoka na lori usiku na kesho vimefika Dar. Benki haioni dhamana, inaona lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Mnunuzi mwenye mkataba wa maandishi, anayelipa kupitia akaunti, anaziba pengo hilo kwa kiasi fulani.

---

Mama Mashudu

Mimi nataka tuzungumzie vikundi maana wakina mama wengi mtaji wao uko huko, na kosa ni moja tu ambalo halisemwi: tarehe ya kuvunja, yaani siku ya kugawana akiba.

VICOBA vingi vinavunja Desemba, watu wapate sikukuu na ada. Desemba alizeti imeisha kuwa rahisi, mahindi nayo yanapanda. Kikundi cha watu wa mazao kinatakiwa kivunje Mei mwishoni, mavuno yakianza. Ni kubadilisha kipengele kimoja kwenye katiba. Mwanachama aliyeweka hisa za 10,000 kila wiki ana 520,000 zake kwa mwaka, kabla ya faida. Wanawake 25 ni milioni 13. Juni, kwa bei ya mleta mada, hiyo ni tani 14 na nusu ya alizeti. Januari ni kama tani 11. Tani tatu na nusu zimepotea kwa tarehe tu, hakuna mtu aliyeiba.

La pili, mkopo wa kikundi ni wa miezi mitatu. Usiununulie mashine. Ununulie mzigo utakaouza ndani ya wiki sita. Mashine ikinunuliwa kwa mkopo wa miezi mitatu, mwezi wa nne unakopa kwingine kulipa kikundi, na hapo ndipo kausha damu anapoingia.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri nayo niseme. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani, haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya wa kuomba kwa mtandao. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, si kwa diwani. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya jina la kikundi, vitambulisho vya NIDA vya wanachama, muhtasari wa kikao kilichokubali kukopa wenye sahihi za waliohudhuria, na andiko la mradi. Muhtasari ndio unaorudisha maombi mengi: majina hayalingani na ya NIDA. "Anna" kwenye katiba, "Annah" kwenye kitambulisho, faili linarudi kata.

Na jamani, vikundi vya kuombea mkopo halafu mnagawana laki tano tano kila mtu aende kivyake havirejeshi. Mkopo ni wa kikundi, deni ni la kikundi. Mwenye kuuza vitenge akianguka, mwenye kufuga kuku analipa.

---

Kijana wa Kihesa

Dada hiyo ya kuvunja Mei umenifungua. Kwetu tunavunja tarehe 20 Desemba na siku hiyo hiyo fedha inaishia kwenye maduka ya Miyomboni.

---

Fundi wa Fezi Tatu

Wachumi mmemaliza? Naongeza ya ufundi maana ndiyo yanayovunja ratiba ya rejesho.

Mashine ya kilo 100 kwa saa ina mota ya kilowati 5.5 hadi 7.5. Inataka umeme wa fezi tatu. Jengo ulilokodi lina fezi moja. Ukishaomba, kuna kupimiwa, kulipia, kusubiri nguzo na transfoma kama iliyopo imejaa. Mkopo ukishatoka saa inahesabu. Watu wamelipa marejesho manne mashine ikiwa bado kwenye kreti.

Kwa hiyo mpangilio ni: jengo, umeme, ndipo mkopo. Kama lazima mkopo utangulie, andikisha muda wa neema wa miezi mitatu hadi sita, na hakikisha umeandikwa kwenye mkataba kwamba muda huo unalipa riba tu au hulipi kabisa. Ahadi ya mdomo ya afisa inaondoka naye akihamishwa tawi.

Bajeti ya mashine pia huwa na pengo. Profoma (karatasi ya bei ya muuzaji) inaonyesha mashine. Haionyeshi chujio la mafuta na vitambaa vyake, msingi wa zege, swichi ya kulinda mota, matangi, mzani, wala skrubu na pete za ziada. Skrubu na pete zake ni vyuma vya kulika. Alizeti yenye mchanga inavila haraka sana, na vikilika mafuta yanabaki kwenye mashudu. Dalili utaiona: mashudu yakikunjwa mkononi yanaacha mkono unang'aa. Kushuka kutoka 22 hadi 19 kwa kila 100 kwa mfano wa mleta mada ni kilo 600 za mafuta kwa mwezi, lita 650, zaidi ya milioni mbili na laki nne. Mashudu yanaongezeka kidogo lakini hayarudishi hiyo. Skrubu mpya ni sehemu ndogo ya fedha hiyo, lakini asiyeitengea akiba anaendelea kukamua hasara kwa sababu fedha yote imekwenda kwenye rejesho. Pepeta mbegu kwanza, na usiingize yenye unyevu zaidi ya asilimia 9.

---

Isimani Kusini

Tuna hati za kimila za mashamba ya kijijini, yale yaliyopimwa kwa simu na ule mradi wa Wamarekani. Benki zinazikubali au ni karatasi za kutundika ukutani?

---

Karani Mstaafu

Kisheria zinafaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inazitambua na inaruhusu kuziweka rehani. Shida ni siku ya kuuza. Benki inajiuliza: mkopaji akishindwa, nani atanunua shamba hili? Mnunuzi wa nje ya kijiji anahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji, na wanakijiji hawatanunua shamba la mwenzao lililopigwa mnada, watamtazama vipi msibani? Kwa hiyo baadhi ya benki zinaikubali kwa mkopo mdogo tu, au zinaichukua pamoja na dhamana nyingine.

Kuiongezea nguvu: jina la mwenza liwemo au ridhaa yake iwe ya maandishi. Rehani ya makazi ya familia bila ridhaa ya mwenza haisimami, na hilo ndilo shimo ambalo wakopeshaji wengi wameangukia mahakamani. Muhtasari wa kijiji wa kuridhia rehani uandaliwe mapema, maana kikao hakikai kwa ajili yako peke yako.

Kwa hati ya mjini jiandae kwa mthamini aliyesajiliwa. Ataandika thamani mbili: ya soko na ya kuuza kwa haraka. Benki inatazama ya pili na kukopesha sehemu yake tu. Nyumba unayoiita ya milioni 60 inaweza kukupa mkopo wa 25 au 30. Usishangae, wala usimtukane mthamini.

Dhamana za udhamini nazo: PASS Trust na mfuko wa udhamini wa Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) wanabeba sehemu ya hatari ya benki. Nasisitiza, ya benki. Ukishindwa, benki inafidiwa na wewe unaendelea kudaiwa. Kuna watu wanaamini "nimedhaminiwa na serikali" maana yake deni limefutwa.

Mbadala wa hati ni ukodishaji wa zana chini ya sheria ya 2008. Kampuni inanunua mashine, inabaki mali yake, unalipa kianzio na kodi mpaka umalize, ndipo inakuwa yako. Dhamana ni mashine yenyewe. Inafaa trekta, mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, mashine za mbao Mafinga. Kwa mashine zilizochongwa na fundi wa mtaani, zisizo na namba, hawakubali, hata kama zinafanya kazi vizuri.

---

Darasa la Iyunga

Ugonile wakuu. Mnaongea mashine zinazojulikana. Sisi wa vyuo tuna ubunifu: kikaushio cha jua cha ndizi na parachichi zilizokataliwa na wanunuzi wa nje, programu ya simu ya kupima unyevu wa mahindi, vitu hivyo. Benki gani inakopesha hicho?

---

Mzani wa Ipogolo

Hakuna, na usimlaumu mtu. Benki inakopesha amana za watu, inataka mzunguko wa miezi sita hadi kumi na mbili uliokwisha kutokea. Wazo halina mzunguko. Ukikopa kwa ajili ya kujaribu, na majaribio kwa asili yake hushindwa mara tatu kabla ya kukubali, rejesho la kwanza linafika ukiwa kwenye jaribio la pili.

Fedha ya kujaribia ni ya namna nyingine: ruzuku, au mtu anayeingia na hisa. Kwa ruzuku kuna COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na mashindano ya kitaifa ya ubunifu ya MAKISATU, yaliyoanza 2019, yanafungua milango hiyo. Wengi wanapata ruzuku halafu wanakwama awamu ya pili. Ruzuku hutolewa kwa awamu, na awamu inayofuata inasubiri risiti za iliyopita. Fundi wa kuchomelea Mwanjelwa hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Panga tangu mwanzo vitu vikubwa vinunuliwe kwa mwenye mashine ya risiti, na kazi za mafundi ziwe na mkataba na hati ya malipo yenye sahihi na namba ya NIDA. Ulizeni mtoa ruzuku kabla, si baada.

Kwa hisa: mtu akikupa milioni 20 achukue 20%, mmekubaliana kwamba kampuni yenye fedha hiyo ndani ina thamani ya milioni 100, yaani bila fedha yake ni 80. Kama una kikaushio kimoja na kikundi cha WhatsApp, milioni 80 ni nyingi na unapaswa kufurahi kimya kimya. Lakini akitaka 60% kwa milioni 5, umeshaajiriwa kwenye kampuni yako. Na hisa ziwe kwenye kampuni iliyosajiliwa BRELA, si jina la biashara. Jina la biashara halina hisa za kumgawia mtu.

Kabla ya yote hayo, uza kikaushio kimoja kwa mkulima mmoja wa Rungwe kwa fedha taslimu. Akinunua wa pili bila kubembelezwa, hapo una kitu cha kumwonyesha mwenye fedha.

Na usisahau SIDO, shirika la viwanda vidogo. Wapo tangu 1973, wana ofisi Mbeya na Iringa, na barua yao ya utambulisho inamsaidia mjasiriamali mdogo kwenye safari ya alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango). Bila alama hiyo, duka kubwa halipokei mafuta wala unga wako, na bila duka kubwa huna mnunuzi anayelipa kwa akaunti. Mlolongo wote unarudi kwenye taarifa ya benki.

---

Kijana wa Kihesa

Hiyo taarifa ya benki wanaangalia nini hasa? Maana wengine tunaweka fedha asubuhi tunatoa mchana ili mzunguko uonekane mkubwa.

---

Karani Mstaafu

😀 Hiyo tunaiita kuchemsha maji. Afisa anaiona ndani ya dakika mbili: imeingia milioni 3, imetoka milioni 3 siku hiyo hiyo, kiasi kile kile, kwa mtu yule yule.

Wanatazama mauzo kutoka kwa watu tofauti. Lipa Namba inasaidia sana hapa, kila mteja anaacha alama. Wanatazama salio la chini kabisa la mwezi, kwamba haligusi sifuri kila tarehe 28. Wanatazama kama fedha ya ada, harusi na biashara zinapita mfuko mmoja. Halafu wanaangalia taarifa zako za mikopo: mkopo wa simu wa 20,000 uliousahau mwaka juzi unaweza kukuzuilia milioni 20. Lipa, kisha subiri taarifa isahihishwe ndipo uombe.

Kanuni ya mkono ya kupima: fedha inayobaki kwa mwezi wa kawaida igawe kwa rejesho. Ikipata chini ya 1.3, punguza mkopo. Kwa mfano wa mleta mada, anayebaki na milioni 3.6 kwa mwezi wa msimu asidhani anaweza rejesho la milioni 3. Apige wastani wa miezi 12, ikiwemo ile ya turubai.

---

Isimani Kusini

Swali la mwisho kwangu. Kama alizeti ndiyo mtaji, kwa nini nisikope zote milioni 108 nijaze ghala?

---

Mzani wa Ipogolo

Kwa sababu ya 2023. Bei ya alizeti ilianguka nchini, mafuta ya nje yakiwa yamejaa. Aliyenunua kwa mkopo kwa bei ya juu alikuwa na ghala lenye thamani ndogo kuliko deni lake, na kila mwezi aliosubiri bei irudi riba iliongezeka. Waliojaza kwa fedha yao waliumia, ila walilala.

Mpango unaoweza kubeba mwaka mbaya: nusu ya shehena kwa fedha yako na ya kikundi, robo kwa ovadrafti (ruhusa ya benki kutoa zaidi ya salio) au mkopo wa msimu, robo iliyobaki nunua kadiri unavyouza. Kwa ile robo ya mkopo unaweza kutumia ghala lenyewe. Mfumo wa stakabadhi ghalani una sheria yake tangu 2005. Mazao yakiwa kwenye ghala lenye leseni unapewa stakabadhi, na benki inaweza kukopesha sehemu ya thamani yake. Ghala la nyumbani kwako halihesabiki hata likiwa na kufuli tatu. Ukipeleka mahindi yawe na unyevu usiozidi 13.5%, vinginevyo yanarudishwa getini na nauli ya lori ni yako. Watu wa kakao Kyela wanaujua mchezo wa kukusanya na kupiga mnada, waulizeni kuhusu siku za kusubiri malipo, hizo nazo ziingize kwenye hesabu.

Nunua kwa mizani, si kwa gunia. Gunia la "kilo 65" lililojazwa na mtu mwenye haraka lina 58 na mchanga. Kwenye magunia 900, kilo 7 kila moja ni tani 6.3, yaani milioni 5.67 umelipa hewa. Mzani wa kidijitali wa kilo 300 ununue kabla ya mashine, upeleke ukahakikiwe na Wakala wa Vipimo. Nitaweka hapa jedwali la miezi 12 nililosema, kesho jioni. Mwenye bei za wiki hii za Isimani na Kilolo azitupie, nilijaze kwa namba za kweli.

---

Mama Mashudu

Pawaga na Idodi usiwasahau. Mashudu je, niweke ya rejareja au ya jumla?

---

Mzani wa Ipogolo

Ya jumla, dada, na useme kama ni ya gunia lililoshindiliwa au la.